Babu Aliaga Baada ya Maziko

Mwaka ule vijana wa kanisa letu la Mkolani tuliamua kuigiza mateso yote ya Mwokozi, kuanzia bustanini mpaka kaburini, na mimi nikapewa kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kushona. Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani akishaingia kwenye kikundi chochote hapumziki tena. Nilishona kanzu za makuhani kwa mapazia yaliyochoka, nikashona joho la zambarau, nikashona na sanda kwa kitambaa cha marekani, nikaipinda kingo zote nne ingawa mwenyekiti wetu wa vijana aliniambia sanda haipindwi, inafungiwa mtu tu.

Kazi ya pili ndiyo niliyoililia. Nilikuwa yule mwanamke anayefika kaburini Jumapili asubuhi, anakuta jiwe limeondolewa, anakimbia kwenda kuwaambia wengine. Maneno yangu yalikuwa machache: "Hayupo. Amefufuka." Basi. Lakini niliyafanyia mazoezi mbele ya cherehani, mbele ya kioo cha saluni ya jirani, hata mbele ya wateja. Mama mmoja aliyekuja kufuata sketi yake alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, hayupo. Na sketi yangu je, ipo?"

Niliishia kidato cha pili, ila ndoto hazikunisubiri nimalize shule. Naota duka lenye kioo mbele na masanamu yamevaa magauni yangu. Mwaka ule niliota pia kwamba watu wa Mkolani watakaa kimya siku moja na kunisikiliza nikisema jambo kubwa kuliko bei ya kushonea zipu.

Kaburi tulilipata nyuma ya kanisa, katikati ya majabali mawili. Ukikaa Mwanza huna shida ya mawe. Wapo watu wamejenga nyumba, jabali likabaki sebuleni kama mgeni aliyekataa kuondoka. Lakini jiwe ambalo mtu mmoja anaweza kulisukuma asubuhi bila kuumia mgongo hatukulipata, kwa hiyo katika mji wote huu wa mawe sisi tukatengeneza jiwe la maboksi, tukalivalisha mifuko ya saruji na kulipaka rangi ya kijivu. Mwokozi aliigizwa na kijana wa bodaboda ambaye kijiwe chake kiko hapo barabarani. Alichaguliwa kwa ajili ya ndevu zake, na kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akigombana na abiria.

Wiki hiyohiyo Babu alikuwa kwetu. Ni baba yake mama, mfugaji wa ng'ombe kijijini upande wa Sengerema, na alikuwa amevuka ziwa kuja mjini kutibiwa jicho. Daktari alimtoa mtoto wa jicho, na kitambaa alichofungwa kilipofunguliwa Babu aliniangalia muda mrefu.

"Shikamoo, Babu," nikasema.

"Marahaba, mke wangu. Kumbe una uso mzuri hivi? Miaka yote hii nilikuwa nakuoa kwa kusikia sauti tu."

Ndivyo anavyoniita, mke wangu, kama babu wengi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Na mimi humwuliza mahari yangu iko wapi, naye hujibu kwamba ng'ombe bado wanakua.

Sasa lazima nieleze habari ya bibi, maana bila bibi mambo yaliyofuata hayaeleweki.

Bibi alikuwa Mkristo tangu usichana wake, na hakuwa na ndugu. Wazazi walikufa akiwa mdogo, akalelewa na majirani. Siku ng'ombe wa mahari walipofika hapakuwa na kaka wa kuwapokea, akawapokea mzee jirani. Kwetu hilo si jambo dogo. Mwanamke asiye na kaka, ugomvi ukiingia nyumbani, hana mlango wa kukimbilia. Wanawake wenzake kisimani walimchokoza, "Wewe siku ukichapwa utakwenda kwa nani?" Bibi aliwajibu kwamba kaka anaye, na kwamba humtembelea kila Jumapili.

Jibu hilo likageuka utani wa nyumba nzima. Babu mwenyewe, mgeni akimuuliza mama mwenye nyumba yuko wapi, alisema, "Amekwenda kwa shemeji yangu." Na bibi, kila Jumapili akifunga kitambaa chake kichwani, alimwambia, "Twende basi ukamwone shemeji yako." Babu alijibu, "Msalimie. Mwambie nina ng'ombe." Hakuwa mtu wa kulidharau kanisa. Aliliheshimu kama mtu anavyoliheshimu shamba la jirani: hakulikanyaga. Mpaka bibi anafariki, kama mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia, Babu alikuwa bado ana ng'ombe.

Ijumaa Kuu tukamchukua. Mama alimwambia vijana wanaigiza, na mjukuu wake yumo, basi akaja kwa ajili yangu. Akawekewa kiti cha mbele kabisa, jicho lake jipya likiwa limefunikwa na miwani myeusi aliyopewa hospitali.

Nilikuwa nyuma pamoja na wanawake wa Yerusalemu, nikimchungulia. Mwanzoni alitabasamu. Alimtambua kijana wa bodaboda, maana ndiye aliyemleta kutoka hospitali. Lakini kadiri kesi ilivyoendelea aliacha kutabasamu. Alivua ile miwani. Akamwuliza mama kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Ana kosa gani huyu?"

"Hana kosa, baba," mama akanong'ona.

"Sasa mbona wanampiga?"

Askari walipoendelea na viboko, viboko vya kanda za kitambaa nilivyoshona mwenyewe, Babu alisimama. "Inatosha, vijana," akasema. Watoto wakacheka. Mmoja wa askari alisahau anachotakiwa kufanya, akasema, "Samahani, mzee," ndipo watu wazima nao wakacheka. Babu akakaa. Hakucheka.

Tulipomshusha msalabani, tukamfunga ile sanda na kumbeba mpaka kwenye majabali, jiwe la maboksi likafunga mlango. Watu walianza kuinuka na kupangusa nguo. Babu akavua kofia, akaenda mpaka pale mbele akitembea polepole, akainama, akachota udongo kidogo kwa mkono wa kulia na kuumwaga chini ya lile jiwe. Kisha akarudi nyuma hatua chache na kusimama, kama anavyosimama mtu aliyefika kuzika.

Jioni hakula sana. Aliniita. "Ile sanda umeshona wewe?"

"Ndiyo, Babu."

"Umeipinda kingo."

"Ndiyo."

"Umefanya vizuri. Umemtunzia bibi yako heshima."

Nilifurahi kusifiwa kushona. Nikalala na furaha hiyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kumwambia kwamba hadithi ilikuwa haijaisha, kwa sababu kwetu sisi tuliozaliwa ndani ya kanisa ni kitu kinachojulikana, kama unavyojua kesho kutakucha. Jumamosi asubuhi nikaenda kanisani kurekebisha mavazi. Niliporudi nikakuta mkeka wake umekunjwa.

"Babu yuko wapi?"

"Ameondoka," mama akasema. "Nilimwambia abaki, Pasaka kesho. Akasema mgeni huaga baada ya maziko. Nikadhani ni utani wake."

Alasiri mjomba akapiga simu. Mjomba ni mdogo wake mama, ndiye anayeishi na Babu kijijini, na ni mtu ambaye hata salamu yake inasikika kama malalamiko.

"Mmemfanya nini mzee huko mjini?"

"Amefika salama, mjomba?"

"Amefika. Amefika akaniambia nisishike jembe. Mahindi yanamezwa na majani, mvua imekatika leo tu tupate kupalilia, yeye amewasha moto nje, amekaa kwenye kigoda. Wazee wenzake wameanza kuja. Jirani ameleta debe la mahindi."

"La nini?"

"La msiba! Anasema amefiwa na shemeji yake."

Nilicheka. Nakiri nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mjomba akaniacha nimalize, halafu akasema kwa sauti ya chini ambayo si ya kwake, "Usicheke, mpwa wangu. Alipofika tu alikwenda kwenye kaburi la mama. Nilimsikia. Alikuwa anamwambia, basi na yule uliyekuwa naye wamemzika jana, nimeshuhudia mwenyewe, sasa huna mtu tena."

Kicheko chote kiliniisha.

Nikamwomba ampe Babu simu. "Babu," nikasema, "shikamoo. Sikiliza. Hakubaki kaburini. Amefufuka. Yaani ndivyo ilivyo, hadithi inaendelea, kesho..."

"Mke wangu," akanikatiza, taratibu kabisa. "Usinipe pole ya namna hiyo. Mimi si mtoto."

"Siyo pole, Babu. Ni habari."

"Habari ya kufa na ya kupona hailetwi kwa simu. Bibi yako alipofariki, nilimtuma mtu kwa kila nyumba, kwa miguu. Kama kuna mtu amelifungua kaburi akaona, na aje aniambie machoni pangu. Sasa nina macho."

Akamrudishia mjomba simu.

Mama alikuwa anachambua mchicha, amesikia yote. "Mwache," akasema. "Mzee yule ukimvuta anakwenda nyuma kama ndama. Atakaa siku zake, atachoka."

"Mama, amebaki na Ijumaa peke yake."

"Kwani kabla ya hapo alikuwa na nini? Ametimiza miaka yake yote bila Ijumaa wala Jumapili."

"Ndiyo. Lakini sasa ameambiwa nusu, na nusu yenyewe ni ya kuumiza. Heri asingejua kitu. Namfuata."

"Kesho una maigizo yako. Umeyaota tangu Krismasi."

Hilo nililifikiria usiku kidogo, lakini nilipoamka nilikuwa nimekwisha amua, na nikiamua jambo mimi nakuwa kama sindano iliyokwisha ingia kwenye nguo, lazima itokee upande wa pili.

Jumapili, kabla jua halijapanda, tukaenda kwenye majabali. Watu walijaa kuliko Ijumaa, wengine wamevaa nguo nilizoshona na kuzichelewesha. Mimi na mwenzangu tulikuja na vibuyu vya manukato, ambavyo kwa kweli vilikuwa na maji na majani ya mchaichai. Jiwe letu la maboksi lilikuwa limesukumwa pembeni. Nikainama nikaingia.

Nilijua hakuna mtu ndani. Kijana wa bodaboda alikuwa nyuma ya jabali, amevaa nguo nyeupe, anasubiri zamu yake. Nilijua kila kitu, nilishona kila kitu. Lakini nilipoiona sanda yangu imelala pale juu ya jiwe, imekunjwa, kingo zangu nne zikionekana, nilinyoosha mkono nikaipapasa. Nilimkumbuka Babu akiumwaga ule udongo. Nikamkumbuka bibi tulipomfunga sanda yake, mama akiishikilia ncha moja na mimi nyingine. Nikawaza, kuna asubuhi moja kweli ilikuwa hivi. Siyo ya maboksi. Kuna mwanamke kweli aliinama akaona nguo bila mtu, na kama yule mwanamke angekwenda zake nyumbani kupika, mimi leo ningekuwa najua nini?

Nikaichukua ile sanda. Hilo halikuwa kwenye maelekezo. Nikatoka nje nayo mkononi na kusema maneno yangu, na sikumbuki kama nilipiga kelele au nilinong'ona. "Hayupo. Amefufuka." Kisha nikakimbia.

Kulingana na mazoezi nilitakiwa kukimbia mpaka kwenye mwarobaini ambapo mitume walikuwa wamejificha. Nikaupita mwarobaini. Mtume mmoja akaniambia, "Wewe, ni hapa." Nikawaambia wote kwa pamoja, "Amefufuka, mmesikia, mwenzangu atawaeleza," nikaendelea mpaka barabarani. Nyuma nilimsikia mwenyekiti wa vijana akiita, "Sanda! Sanda ya kanisa!"

Barabarani hapakuwa na chombo. Nilisimama nikihema, na muda si mrefu nikasikia pikipiki inatoka upande wa kanisani. Alikuwa yeye, ameshamaliza kuwatokea mitume, bado yumo ndani ya nguo nyeupe, kichwani ameweka kofia ngumu.

"Panda," akasema. "Unakwenda kivukoni, siyo? Mama yako ameniambia."

"Mama?"

"Amesema nikimbie nikuwahi, na amesema ukifika umpe babu yako salamu zake. Shikilia hiyo sanda isiingie kwenye tairi, itatuua wote wawili."

Basi tukakata barabara kuelekea mjini, mimi na shuka langu la Yerusalemu, yeye na nguo zake za ufufuko, upepo unatupeperusha. Nyamagana watu waliokuwa wanafungua vibanda walisimama kututazama. Nikamwuliza kama hataki kwenda nami mpaka kwa Babu.

"Mimi nikienda nitaharibu," akasema. "Atasema huyu ni wa bodaboda, nilimlipa nauli Jumatano. Nenda wewe. Wewe ndiye uliyeingia kaburini."

Siku hizi kuna daraja kubwa, lakini kwetu sisi tuliokizoea, kivuko bado ndiyo njia yetu. Nilikaa karibu na ngazi. Mama mmoja mwenye ndoo ya maandazi alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, miguu yenyewe ikiwa pekupeku maana viatu nilivisahau nyuma ya kanisa.

"Mwanangu, unatoka wapi hivyo?"

"Kaburini, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Pole sana."

"Asante, lakini usinipe pole. Hatukumkuta."

Akanitazama tena. "Nani hamkumkuta?"

Nikamwambia. Sikuigiza. Nilimwambia kama mtu anavyomwambia mwenzake mambo ya safari: kwamba alizaliwa kati ya watu wa kawaida, akala nao, akawaponya, akauawa bila kosa, na siku ya tatu wanawake wakakuta nguo peke yake, na kwamba ninampelekea babu yangu habari hiyo kwa sababu aliondoka mapema. Yule mama hakusema anaamini wala haamini. Alifunua ndoo na kunipa andazi.

"Kula," akasema. "Huwezi kupeleka habari ndefu namna hiyo na tumbo tupu."

Ng'ambo nilipata gari mpaka Sengerema, na kutoka pale pikipiki nyingine. Nilimwomba dereva anishushe kabla ya boma la Babu, kwenye kona ya shamba la pamba. Nilitaka kufika nikikimbia. Nilijiambia habari hii tangu mwanzo ililetwa kwa mbio, mimi nisije kuwa wa kwanza kuileta nimekaa.

Niliwaona kwa mbali. Moto wenyewe ulikuwa moshi tu. Babu kwenye kigoda, wazee watatu wa jirani, na mjomba amesimama pembeni ameshika jembe kama anayelitamani. Babu aliinua kichwa. Aliniona kutoka mbali kabisa, jambo ambalo lisingewezekana wiki mbili kabla, na akasimama.

Nilipiga magoti mbele yake. "Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Umekuja pekupeku."

"Nimetoka kaburini. Hayupo. Amefufuka."

Kisha mzee mmoja akamgeukia Babu na kumwuliza kwa Kisukuma, na Babu akamjibu kwa Kiswahili ili na mimi nisikie: "Anasema shemeji yangu hayupo kaburini."

"Ameibwa?" yule mzee akauliza.

Nikaikunjua sanda juu ya mapaja yangu. "Mwizi haachi nguo, mzee."

Babu akaishika. Akapitisha kidole kwenye ukingo mmoja, akafika kwenye kona, akageuza, akapitisha kwenye wa pili. Aliikagua kama anavyokagua ngozi ya ng'ombe. "Ndiyo hii," akasema. "Kingo zimepindwa." Akanitazama. "Mke wangu, sikiliza. Najua yule kijana ni wa bodaboda. Nilimlipa mwenyewe. Sikufanya matanga ya mtu wa bodaboda. Nauliza habari ya yule mwenyewe, wa bibi yako. Wewe ulimwona?"

Hapo ndipo nilipoogopa, maana ilikuwa rahisi kusema ndiyo.

"Mimi sikumwona, Babu. Waliomwona ni wale wa zamani. Walikula naye samaki ufukoni baada ya kuzikwa. Wakawaambia wengine, wakatishiwa, wakapigwa, wengine wakauawa, na hawakubadilisha neno. Wale wakawaambia wengine, mpaka ikafika kwa waliomlea bibi, na bibi akamwambia mama, na mama akaniambia mimi. Ndivyo ilivyonifikia. Nami nimekuletea."

"Kwa miguu," akasema.

"Kwa miguu, na pikipiki kidogo."

Mzee mmoja akacheka, kicheko cha kikohozi. Babu hakucheka bado. Akakaa tena kwenye kigoda.

"Kuna jambo limenikaa tangu Ijumaa," akasema. "Mtu akiuawa bila kosa, ukoo wa muuaji hutoa ng'ombe. Damu hailali hivihivi. Huyu nani alitoa ng'ombe wake?"

Sikuwa nimejifunza jibu la swali hilo kwenye mafundisho. Nikalitafuta moyoni na nikalikuta.

"Yeye mwenyewe, Babu. Waliomuua ni sisi, na deni lilikuwa letu. Alilibeba akalilipa yeye."

"Aliyeuawa ndiye aliyelipa?"

"Ndiye."

"Kwa niaba ya waliomuua?"

"Ndiyo."

Babu akawatazama wenzake mmoja mmoja. "Mmeshawahi kukaa baraza la namna hiyo?" Wazee wakatikisa vichwa. Mjomba alikuwa ameliegemeza jembe ukutani bila kujua.

Kuku walipita katikati yetu. Babu aliirudia sanda, akaikunja, akaikunjua tena.

"Nimezika wengi," akasema hatimaye. "Baba yangu, mama yangu, watoto wawili, bibi yako. Sanda huwa hairudi." Akaipapasa. "Ya bibi yako je?"

"Bado, Babu." Sikutaka kumdanganya na sikutaka kulia. "Ya bibi bado. Lakini huyu alitangulia, na alisema hatawaacha watu wake. Mlango ukishafunguliwa kwa ndani na mtu mmoja, haufungiki tena. Bibi hajabaki peke yake. Anaye. Ana kaka aliye hai."

Babu aliinamisha kichwa. Nilimwona akikaza taya, anavyofanya akimshika fahali pembe. Kisha akainuka, akachukua kopo la maji lililokuwa karibu na mguu wake na kuyamwaga juu ya moto. Moshi ukaruka, wazee wakasogeza miguu.

"Matanga yamekwisha," akasema. "Yule wa debe la mahindi arudishiwe debe lake. Na wewe," akamwambia mjomba, "si ulikuwa unalia jembe? Kesho tunaingia shambani. Leo hapana."

"Leo kwa nini hapana?" mjomba akauliza. "Si amefufuka?"

"Ndiyo maana nikasema hapana. Utapalilia siku shemeji yangu amerudi?"

Akanishika mkono, tukazunguka nyuma ya nyumba, kwenye migomba, alipolala bibi. Msalaba wake wa mbao ulikuwa umeanza kuinama, Babu akausimamisha na kuushindilia kwa kisigino. Akasimama, sanda iko begani mwake kama taulo la mtu anayetoka kuoga.

"Jana nilikupa habari mbaya," akamwambia bibi. "Nilizipata nusu. Huyu mke wangu mdogo ameleta zilizobaki." Akaendelea kwa Kisukuma, taratibu, na mimi nilirudi nyuma kidogo kwa sababu mengine hayakuwa yangu. Nilichoelewa mwishoni ni kwamba alikuwa anamwomba radhi kwa ajili ya ng'ombe.

Tulipokuwa tunarudi uani aliniuliza kanisa lao la pale kijijini linaanza saa ngapi. Nikamwambia.

"Nilikwenda kwenye msiba wake bila kualikwa," akasema, "na kwenye furaha yake bibi yako alinialika kila Jumapili. Nitakwenda. Nataka kusikia tangu alipozaliwa, siyo kuanzia kwenye kesi. Mtu humwelewi kwa siku aliyokufa tu."

"Na sanda, Babu? Naomba niirudishe. Ni ya kanisa, mwenyekiti wetu atanigombeza."

"Mwambie mwenyekiti wako wafiwa ndio wanaokaa na vitu." Akaitandika juu ya kamba ya nguo, katikati ya shati lake na kanga ya mke wa mjomba, akaivuta kona zikae sawa. "Wewe si fundi? Shona nyingine."

Nimeshashona. Iko hapa mezani pangu, nimemaliza kuipinda ukingo wa mwisho leo, na mwenyekiti amenionya mara mbili kwamba mwaka huu ikitoka kaburini inarudi kabatini. Babu alivuka jana na kigoda chake mwenyewe, maana anasema viti vya kanisa letu vinamuumiza. Mama alimwuliza ng'ombe amewaachia nani. Akasema wapo na mjomba, na kwamba asiulizwe habari ya kuaga mpaka Jumatatu.